Simu ya Bendi Tatu

Sehemu ya Tisa

Wiki iliyopita tulimwacha Phelister Obura amesimama katikati ya sebule yake kule Makindye, simu ikiwa sikioni, akimgombeza muuza mapazia wa Nairobi ambaye hakuwepo. Mbele yake ameketi Shangazi Ayaa, aliyetoka Gulu kwa kazi moja tu: kumtazama huyu Mkenya anayetaka kuolewa na mtoto wa kaka yake, kisha arudi nyumbani akaseme ndiyo au hapana. Na hapo ndipo simu ile, ambayo haikuwahi kulia hata siku moja tangu iingie Kampala, ilipolia sikioni mwake.

Wasomaji mlionisimamisha njiani wiki nzima mkidai niwaambie nani alipiga, leo mtajua. Mtajua na mengine ambayo hamkuuliza.

Kwa aliyekosa gazeti, mambo yako hivi. Simu hiyo ilitoka Amerika. Moreen, mdogo wake Phelister, ambaye anatunza wazee huko Dallas, ndiye aliyempa mchungaji mmoja aje nayo. Ni simu ya kukunja, rangi ya fedha, nzuri kuishika. Kabla ya kuituma Moreen alifuta kila kitu ndani yake, akaacha jina moja tu, jina lake mwenyewe, na namba yake.

Kasoro yake ilikuwa moja. Haikushika netiwaki. Phelister alijaribu laini za majirani, za waumini wenzake na ya mwenye nyumba, na kioo kikamjibu vilevile. Mafundi wakamwambia kwamba simu ile ina bendi moja, ya Amerika, na masafa ya hapa kwetu haiyasikii kabisa.

Mwingine angeitia kabatini akasahau. Phelister anauza mapazia ya mitumba katika soko la Owino, na miaka ile mfanyabiashara asiye na simu alionekana mtu wa kujaribu tu. Basi akawa anaibeba. Akija mteja mnene, anaikunjua, anafoka na Nairobi kidogo, anaikunja, anataja bei. Msimcheke sana, maana kwenye harusi na milango ya makanisa ya mji huu zilikuwepo simu nyingi za namna hiyo, watu wakizungumza nazo kwa sauti kubwa.

Leo alitaka kumwonyesha Shangazi kwamba kijana wao haoi mtu wa hivi hivi. Na simu ikalia.

Ililia mara ya kwanza, akadhani ni ya jirani. Ililia ya pili, ikamtetemekea shavuni. Shangazi Ayaa aliacha kutafuna samaki.

"Mtoto yangu," alisema taratibu, "hiyo simu inalia namna gani, na wewe bado unaongea ndani yake?"

Phelister alijibu upesi kwamba mtu wa Nairobi amekatika na sasa anaingia mwingine. Uso ulimwaka moto kwa aibu. Akabonyeza kitufe cha kijani, kwa mara ya kwanza maishani mwake kikiwa na kazi.

Kulikuwa na mvumo, kisha pumzi za mtu aliyekimbia. Sauti ilikuwa ya mwanamke, imekauka kwa machozi.

"Sema neno moja tu. Moja tu, nijue ni wewe."

Phelister akauliza ni nani mwenzake. Sauti iliporudi ilikuwa imegeuka.

"Na wewe mwanamke ni nani? Hiyo simu iko ya bwana yangu. Mpatie."

Kisha ikatoa mlio wa simu za kibandani pesa zinapokwisha, na ikakatika.

Phelister alibaki ameishika. Bwana yangu. Katika nyumba ile mwanamume alikuwa mmoja tu, Sajini Olal, mchumba wake, amesimama kwenye mlango wa jikoni na chupa ya soda mkononi. Na Phelister aliona jambo moja. Yeye mwenyewe alikuwa ameshtuka, na Shangazi alikuwa ameshtuka, lakini Olal alikuwa anatabasamu.

Alimvuta mkono hadi jikoni, akarudishia mlango.

Olal hakungoja kuulizwa. Alitaka kujua ni nani aliyemtangulia kupiga, maana alikuwa amepanga kupiga yeye, kwa simu ya jirani, Shangazi akiwa palepale. Akamweleza kwa furaha ya mtoto. Siku moja alipita Owino bila kumwambia, akamkuta anafoka na Nairobi, na nyuma yake wauza viatu wawili wanacheka mpaka wanashikana mabega. Ilimuuma. Akatafuta simu pacha ya ile, rangi ileile, lakini ya bendi tatu, inayosikia masafa ya hapa. Majuma kadhaa yamepita tangu aiingize katika mkoba wake na kuiondoa ile nyingine; asubuhi hii akaitia laini.

"Nilitaka hakuna mtu anakucheka tena," alisema.

Hapo Phelister alilainika. Miaka yote ya kuhangaika katika mji wa watu, hakuna aliyewahi kumwonea uchungu kwa jambo dogo kama hilo. Alikaribia kumkumbatia. Kisha akaikumbuka ile sauti.

"Sasa huyo mama anasema simu ni ya bwana yake ni nani?"

Tabasamu la Olal likaondoka. Alisema labda ni mtu amekosea namba. Halafu akasema simu aliinunua kwa Jafar, fundi wa simu wa Kibuli, ikiwa na laini ndani, na laini hiyo ilikuwa bado na pesa za kupigia, akaona ni hasara kuitupa. Halafu akanyoosha mkono.

"Nipe kidogo. Nitoe hiyo laini."

Phelister hakumpa. Mtu anayeleta zawadi na kuidai papo hapo ana jambo. Aliitia simu katika mkoba, akarudi sebuleni, akamwomba radhi Shangazi kwamba soda haitoshi, anakwenda kuongeza. Olal alimfuata hadi mlangoni na kuishia hapo. Angekwendaje? Kwa desturi yao, dada wa baba akiwa mgeni haachwi peke yake na chakula mbele yake, na Shangazi Ayaa alikuwa ameshaanza kumwita aje amweleze hiyo simu ni ya namna gani.

Phelister alipanda boda boda, akamwambia dereva Kibuli, na upesi. Njiani hakutulia. Mara ashike mkoba, mara aufungue, mara amuulize dereva kama hakuna njia nyingine. Alihesabu majina ya wanawake wote aliowahi kumsikia Olal akiwataja, na kila jina lilimchoma. Alishakataa wanaume wawili wazuri kwa ajili ya Olal. Kama ana mke mahali, afadhali ajue leo, kabla Shangazi hajasema ndiyo.

Jafar ana kibanda chini kidogo ya msikiti, amezungukwa na maganda ya simu. Hakuuliza maswali. Aliipindua ile simu, akatoa betri, akasoma kikaratasi kilichobandikwa chini yake na kutikisa kichwa.

"Hii naijua," alisema. "Lakini nyabo, mama yangu, mimi sikuuza hii. Mimi nilifungua tu."

Phelister alimwomba arudie. Jafar akaeleza kwamba Olal alimletea simu hiyo aifungue tu na kuitazama ndani kama ni nzima. Siku hiyo zilikuja simu mbili zinazofanana, na yeye mwenyewe alidhani ni kitu kimoja mpaka alipotoa betri zote mbili. Moja inasikia Amerika tu. Hii nyingine ina bendi tatu, inasikia hapa, inasikia Ulaya na inasikia Amerika.

"Aliyenishangaza ni yule rafiki yake," Jafar akaongeza.

"Rafiki yupi?"

"Mwenye hii. Walikuwa wawili, wanabadilishana. Nikamwambia, ssebo, bwana, unajipunja. Yako inaongea kila mahali. Hiyo ya mwenzako unachukua, ukiirudisha huku inakufa. Akasema, kale, sawa tu, hiyo inakufa huku ndiyo nataka."

Phelister aliuliza sura ya mtu huyo. Jafar hakuiona vizuri, maana alikuwa amelowa mvua na kofia ameishusha hadi machoni. Alichokumbuka ni mkono. Alipopokea simu, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto hakikuwepo.

Phelister alikalia ndoo iliyokuwa pale, bila kukaribishwa.

Alimfahamu mtu mmoja tu mwenye mkono wa namna hiyo. Naye alikuwa Koplo Okullo, rafiki wa chanda na pete wa Olal, aliyepelekwa kozi ya jeshi Amerika na kurudi na simu ya fedha iliyosifiwa kambi nzima. Na Okullo alikuwa amekufa. Alizama mtoni kule Kongo kabla mvua hazijaanza. Olal mwenyewe ndiye aliyeleta habari. Alisimama uani kwa Adyero, mke wa Okullo, kofia mkononi, akasimulia jinsi maji yalivyomchukua mwenzake. Phelister alikuwepo. Alipika chai ya watu waliofika kutoa pole, na aliona jinsi Adyero alivyokataa kunyolewa na kukataa matanga, akisema hamlilii mtu ambaye maiti yake haikuonekana. Watu walimhurumia wakaenda zao. Tangu hapo, kila anapopata pesa kidogo, Adyero anakwenda kwenye kibanda cha simu kupiga namba ya mumewe, na kila mara anaambiwa haipatikani.

Leo ilipatikana.

Kwa hiyo Olal hana mke mwingine. Phelister alisikia nafuu imempitia mwilini, na papo hapo akaona haya kwa nafuu hiyo. Maana maiti haji Kibuli amelowa mvua kubadilisha simu. Na mtu mwenye simu inayosema kila mahali, akaitoa na kuchukua inayosema Amerika peke yake, huyo ameshaamua kwamba hatampigia mtu huku wala hatarudi kupigiwa.

Jafar alirudisha betri. Akamwambia asihofu, simu ni nzima, ajaribu popote, hata huko Amerika. Phelister akaitafuta namba ya Moreen na hakuiona. Bila shaka haikuwepo. Jina la Moreen lilikuwa katika simu ile nyingine, na lilikuwa limesafiri nayo.

Namba aliijua kwa moyo. Hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Aliibonyeza, akaisikia ikilia mara moja, akakata. Mnajua wenyewe kubipu. Ni kusema nipigie wewe, mwenye pesa. Huko ilikuwa asubuhi, na Moreen angekuwa ndiyo kwanza anatoka kazini.

Aliporudi Makindye alimkuta Olal nje ya lango, anazunguka. Alipouona uso wake tu, alijua.

"Jafar amesema nini?"

"Amesema kidole."

Olal aliegemea ukuta. Kwa mara ya kwanza tangu Phelister amjue, alionekana mzee. Alizungumza chini chini, akitazama dirisha la sebule alimokuwa Shangazi. Okullo hakuzama. Alitoroka jeshini. Ile kozi ilikuwa imemwachia karatasi za kurudi Amerika, na alimwomba Olal mambo mawili: aseme amekufa, na asimwambie Adyero mpaka atakapomtumia tiketi yeye na watoto. Kubadilishana simu pia kulikuwa wazo lake. Aliogopa simu yake na namba yake visije vikamfichua, akampa Olal ile ya bendi tatu, akachukua ya Phelister ambayo huko aendako ingemtosha. Laini alimwambia aivunje.

"Na hukuivunja kwa sababu ina pesa ndani," Phelister alisema.

"Sikuivunja."

Phelister alimtazama huyu mwanamume aliyepigana vita viwili akashindwa kutupa laini.

"Kwa nini ulikubali, Olal?"

"Alinibeba. Kule Kongo, mguu yangu imekwisha, risasi inapita, alinibeba mgongoni mpaka kwa daktari. Ningesema nini? Ningemwambia hapana?"

"Siku ile uani kwa Adyero. Ulikuwa unajua yuko hai."

"Nilijua."

"Na ulilia. Nilikuona kwa macho yangu ukilia."

"Nililia kweli," Olal alisema. "Nilimwona vile anasimama, nikalia kweli."

Hilo ndilo lililomtisha Phelister kuliko yote. Angeweza kumwelewa mtu aliyedanganya kwa uso mkavu. Huyu alidanganya na machozi ya kweli yakamtoka, na usiku uleule akaja kula kwake, wakapanga harusi.

"Na mimi siku ukinidanganya utalia vilevile?"

Aliushika mkono wake. Alimwambia kwamba ikijulikana, yeye atafungwa palepale Makindye, kwenye magereza ya jeshi anayoyapita kila asubuhi, na Shangazi atapanda basi la Gulu na jibu lake ni hapana. Alimwomba kitu kimoja. Akiulizwa, aseme simu ni yake, ile aliyotumiwa na dada yake. Zinafanana, hakuna atakayejua. Tiketi ya Adyero itafika siku yoyote, na siku hiyo uongo wote utakuwa umegeuka kuwa furaha.

"Neno moja tu, Phelister. Halafu tunaoana."

Kabla Phelister hajasema lolote, waliona mtu anapanda kilima kwa kasi, leso imemfunguka kichwani na hana habari nayo. Alikuwa Adyero. Na alikuwa anacheka.

Alifika akamshika Olal mikono yote miwili. Alikuwa amemtafuta kambini akaambiwa yuko kwa Mkenya wake. Pumzi zilimpaa, maneno yakatoka kwa vipande.

"Olal, simu ya Okullo imewaka. Nimepiga, imelia. Ndugu yangu, imelia."

Akaeleza yote huku akiingizwa ndani, maana haikuwezekana kumwacha nje. Mwanamke ameipokea, mwenye Kiswahili cha Kenya. Labda Okullo ameokotwa na watu huko mtoni, labda ni mgonjwa na wanamtunza, labda amesahau jina lake, mambo hayo hutokea vitani. Yeye hakasiriki hata kama ni mwanamke anayemtunza. Anachotaka ni Olal aende naye Jumatatu kwa wakubwa wa jeshi, watafute ile namba imewakia wapi, wakamlete.

Shangazi Ayaa, ambaye kwa watu wa kwao alimjua Adyero na ukoo wake wote, alimsogezea kiti na maji. Kisha akamtazama Olal. Olal alitazama sakafu.

Ndipo macho ya Adyero yaliposhuka hadi kwenye mkono wa Phelister. Simu ya fedha ilikuwa hapo. Katika mahangaiko Phelister alikuwa amesahau kuificha.

Cheko likamfifia Adyero polepole.

"Hiyo," alisema. "Hiyo ni ya Okullo."

Phelister alihisi macho ya Olal yakimwomba kutoka upande wa pili wa meza. Neno moja tu. Alifikiri juu ya magereza, na juu ya basi la Gulu, na juu ya wauza viatu waliokuwa wakimcheka na mwanamume mmoja aliyeona kwamba si haki. Alifikiri kwamba tiketi itafika, Okullo ameahidi, na kwamba uongo wa siku chache si kitu kama mwisho wake ni mke kumwona mumewe. Alimpenda Olal. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

"Hapana, mama Acan," alimwita Adyero kwa jina la mwanawe, na sauti yake haikutetemeka. "Hii ni yangu. Dada yangu alinitumia kutoka Amerika. Ziko nyingi zinafanana."

"Mama aliyepokea alikuwa anaongea kama wewe."

"Wakenya tuko wengi Kampala."

Adyero hakuondoa macho. Aliomba kuishika tu. Phelister akakaza vidole bila kutaka, na Shangazi akaona.

Simu ikalia.

Phelister aliitazama. Kiooni palikuwa na namba ndefu iliyoanza na moja, namba ya Amerika, namba anayoijua kwa moyo. Bipu yake ilikuwa imejibiwa. Alikaribia kucheka kwa nafuu. Angeomba nini zaidi ya hapo? Kama Mungu angetaka kumsaidia uongo wake usimame kwa miguu yake mwenyewe, asingemletea shahidi mwingine.

"Huyu hapa dada mwenyewe," alisema, akabonyeza kitufe cha kijani na kumkabidhi Adyero simu. "Mwulize. Mwulize simu hii alimpa nani."

Olal alifungua mdomo, akachelewa.

Adyero aliiweka sikioni. Hakuwahi kusema hallo. Moreen alizungumza kwanza, kama watu wa mbali wanavyozungumza, kwa kelele na kwa haraka, na katika chumba kile kidogo kila mtu alisikia. Alisema Kijaluo, na Kijaluo na Kiacholi ni ndugu wa karibu, kwa hiyo hapakuwa na haja ya mkalimani.

Alisema afadhali Phelister amembipu, maana kwa muda mrefu amekuwa akitafuta njia ya kumpata. Alisema yule askari rafiki wa Olal amefika salama, akiwa na ile simu ya zamani ya Moreen, na kwamba alilikuta jina la Moreen humo akampigia siku ileile alipotua, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine Amerika nzima. Alimpokea. Amekuwa akikaa kwake. Ni mtu mpole mno.

"Na usinikasirikie, dada," Moreen akasema. "Amenieleza yote, jinsi mke wake alivyofariki hapo Makindye na watoto wakabaki na bibi yao. Nilimlilia. Sasa ameniomba tuoane, na mimi nimekubali."

Uso wa Olal ulikuwa umekufa rangi. Phelister alimwona, na alijua kwa hakika kwamba hili Olal hakulijua. Hakukuwa na tiketi. Haikuwahi kuwepo. Aliyembeba mgongoni alikuwa amembebesha maiti ya uongo, na Olal aliibeba kwa moyo safi, na yeye Phelister, sasa hivi, kwa sauti isiyotetemeka, alikuwa amemsaidia kuishika upande wa pili.

"Phelister?" Moreen aliita. "Mbona umenyamaza?"

Adyero alikuwa amesikiliza hadi mwisho bila kutikisika. Aliinua mkono wa pili, akaifunga leso yake vizuri kichwani, kama mtu anayeitwa mbele ya watu. Aliposema, alisema kwa upole.

"Huyo mtu yuko hapo?"

Moreen alisema amelala, na akauliza huyu ni nani.

"Mwamshe," Adyero alisema. "Mwambie marehemu mke wake anamsalimia."

Olal aligeuka kuelekea mlangoni. Lakini Shangazi Ayaa alikuwa ameshanyanyuka, samaki wake nusu sahanini, na kwa miguu ile yote ya uzee alifika kabla yake. Aliufunga mlango kwa ufunguo, akauchomoa, akauingiza kifuani mwake. Aliwatazama wawili wale waliotaka kuoana, mmoja baada ya mwingine.

"Hakuna mtu anatoka," alisema. "Mimi nilikuja kujua bibi harusi. Sasa ndiyo naanza kumjua."

Phelister hakuweza kumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye simu ile nzuri ya fedha, simu inayosikika kila mahali, ambayo Adyero alikuwa ameigandamiza sikioni kwa mikono miwili. Ndani yake, mbali sana, kitanda kililia, mlango ukafunguliwa, miguu mitupu ikakaribia.

Kisha mwanamume akasema hallo.